Damu iliyomwagwa hulipiwa na nani?

Mpwa wangu alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu, saa tano usiku. Ana stashahada ya maabara, ana leseni, na ana miaka miwili nyumbani kwao Igoma, hapa Mwanza, bila ajira. Sasa ameona tangazo kwenye simu: kozi ya flebotomia, yaani kazi ya kuchukua damu, wiki sita, unasoma kwa mtandao, unalipa kwa simu, cheti unatumiwa. Kwenye picha kuna dada wa Kimarekani kavaa sare ya bluu, kashika sindano, anacheka kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Mjomba, wanasema huko mbele kazi hii inalipa. Nilipe au nisilipe?"

Nikamjibu asilipe. Halafu usingizi ukanipaa, maana swali lake lilikuwa na akili kuliko jibu langu.

Kwamba huko mbele, yaani ng'ambo, inalipa, ni kweli. Marekani kuchukua damu ni kazi yenye jina lake, mtihani wake na mshahara wake. Takwimu za serikali yao za mwaka 2023 zinaonyesha nusu ya wanaoifanya walipata zaidi ya dola 41,000 kwa mwaka. Majimbo manne, yaani California, Louisiana, Nevada na Washington, yanadai kibali cha serikali. Kwingine ni mwajiri mwenyewe anayetaka uje na cheti kinachotambulika. California ndiyo wakali zaidi: saa 40 za darasani kwa anayeanza, saa 40 za vitendo, na kabla hujakabidhiwa chochote uwe umechoma mishipa 50 na vidole 10 vya watu walio hai. Uingereza wana njia yao: hospitali inaweza kukuajiri hujui kitu, ikakuweka nyuma ya mzoefu, ukajifunza huku mshahara unaingia.

Kwa hiyo hata huko alikotoka dada wa bluu, kusoma kwenye simu peke yake hakumfanyi mtu mchukua damu. Mshipa haumo kwenye simu.

Lakini mpwa wangu hakukosea kuona kwamba hapa kwetu kazi ipo. Nenda hospitali yoyote kubwa ya Mwanza saa moja asubuhi uhesabu mikono iliyokunjuliwa. Kinachokosekana ni mtu anayeajiriwa kwa ajili hiyo. Matangazo ya ajira za afya yanaandika Muuguzi, Afisa Tabibu, Mteknolojia wa Maabara, Mteknolojia Msaidizi. Mchukua damu hayumo. Sindano inashikwa na muuguzi, na mtu wa maabara, na mwanafunzi wa fildi, na kijana wa kujitolea, na usiku wa manane daktari aliye kwenye mafunzo kazini. Ni kazi ya kila mtu, na ng'ombe wa kila mtu kwa kawaida hulala na njaa.

Sababu inayotajwa siku zote ni kwamba serikali haina fedha za kuajiri. Ipo, siikatai. Ila nadhani kuna sababu iliyo chini yake, na hiyo niliiona kwa macho yangu.

Mwaka juzi nilimpeleka shangazi yangu hospitali moja hapa mjini, jina nalihifadhi. Alikuwa ametoka Ukerewe na meli ya asubuhi, miguu imevimba, daktari akaandika vipimo vya figo na madini ya damu. Tukaingia kwenye foleni. Aliyekuwa anachukua damu ni kijana wa miaka ishirini na kitu, koti jeupe limemzidi mabega, mpole, anajitahidi. Hakuwa na mpira wa kufungia mkono, akafunga glavu. Akaifunga kwelikweli. Akapapasa, akachoma, hakupata. Akageuka kujibu swali la mwenzake, glavu imebana palepale, mkono wa shangazi unaanza kubadilika rangi. Akachoma tena, akapata kidogo, akavuta bomba kwa nguvu hadi damu ikawa inakuja na povu. Kisha akaisukuma ndani ya tyubu kupitia sindano ileile, akaitikisa kama mtu anayetikisa dawa ya kikohozi. "Tayari, bibi. Majibu kesho."

Kesho yake tuliambiwa dirishani neno moja: imeharibika. Mrudisheni mgonjwa.

Sikujua wakati ule, nikaja kueleweshwa baadaye na rafiki yangu wa maabara, kwamba kila alichokifanya yule kijana kilikuwa kosa linalojulikana kwa jina. Mkono haufungwi zaidi ya dakika moja hivi, ukikaa sana damu inabadilika humohumo mshipani. Kuvuta bomba kwa nguvu na kuisukuma damu kupitia tundu la sindano kunazipasua chembe nyekundu, na ndani ya chembe hizo potasiamu ni nyingi kuliko nje. Zikipasuka, mashine itasema mgonjwa ana potasiamu ya kutisha, ya mtu ambaye moyo wake unaweza kusimama wakati wowote. Tyubu nayo haitikiswi, inapinduliwa taratibu mara kadhaa ili damu ichanganyike na dawa iliyomo. Kwa maana hiyo maabara walifanya vyema kuikataa. Ingepita, shangazi angetibiwa ugonjwa wa tyubu.

Na hapo sijagusa habari ya vifuniko. Watu wengi wanadhani rangi za vifuniko ni urembo. Tyubu ya zambarau, ile ya kuhesabia chembe za damu, ina chumvi ya potasiamu inayozuia damu isigande. Ukianza na hiyo, kisha ukaenda kwenye tyubu ya madini na figo, tone dogo tu likisafiri na sindano linapandisha potasiamu na kushusha kalisiamu. Ndiyo maana upo mpangilio: chupa za kuotesha vijidudu kwanza, kisha bluu, kisha nyekundu au njano, kijani, zambarau, na kijivu mwisho. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima wa kuchukua damu mwaka 2010, na wataalamu wa maabara wanarudia jambo moja miaka nenda rudi: makosa mengi ya vipimo hutokea kabla sampuli haijafika kwenye mashine. Tunanunua mashine za mamilioni, tunazizindua kwa utepe, halafu tunazilisha damu iliyokorogwa.

Sasa tupige hesabu ya damu ile ya shangazi iliyomwagwa. Hospitali ilipoteza sindano moja na tyubu. Maabara ilipoteza dakika tano. Yule kijana hakupoteza kitu, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Siku tuliporudi alikuwa wodi nyingine na nina hakika hadi leo anaamini alituhudumia vizuri. Aliyelipa ni shangazi: usiku wa pili mjini, chakula, daladala, biashara yake ya dagaa imefungwa kule Nansio kisiwani, na nauli ya meli imebaki palepale ikimsubiri. Daraja la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limewafuta machozi watu wa Sengerema na Geita. Ukerewe bado ni maji.

Hapo ndipo ajira ya mchukua damu inapopotelea. Kosa linalolipwa na mgonjwa pekee haliingii kwenye vitabu vya mtu yeyote, na kitu kisicho kwenye vitabu hakiombewi bajeti. Hakuna mganga mkuu atakayeandika barua ya kuomba mtu wa kuchukua damu kama kila sampuli iliyoharibika inarekebishwa bure kwa nauli ya mama wa kisiwani.

Siku ya pili alituchukua muuguzi mtu mzima, mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Alimsalimia shangazi kwa Kikerewe kabla hajamgusa. Akamwambia aushushe mkono chini, aukunje ngumi kidogo asiukaze, akaukanda kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Hakutazama mshipa, aliupapasa kwa kidole huku anamuuliza habari za bei ya dagaa. Shangazi alikuwa katikati ya kujibu alipoambiwa, "Haya mama, tumemaliza." Ana mkono mwepesi, kama wasemavyo akina mama wa wodi ya watoto. Wenye watoto wa selimundu, yaani sikoseli, ambao Kanda ya Ziwa tunao wengi kuliko sehemu nyingi za nchi, wanawajua watu wa aina hii kwa majina na kwa zamu. Mtoto aliyechomwa tangu ana mwaka mmoja mishipa yake imechoka, na mama yake yuko tayari kukaa saa mbili zaidi akimsubiri nesi fulani aingie kazini. Huo ni ujuzi. Soko limekwisha kuutambua, mlipaji ndiye hajautambua.

Geuza sasa uangalie upande wa pili wa mji huohuo. Mwanza ni moja ya miji ya Afrika ambayo damu yake imechukuliwa kwa uangalifu mkubwa kupita kiasi. Miaka ya mwanzo ya 1990 ulifanyika hapa mkoani utafiti ambao wanafunzi wa afya duniani wanaujua kwa jina la Mwanza: jamii 12, watu wazima zaidi ya 12,000, wakapimwa damu, wakafuatwa tena baada ya miaka miwili. Majibu yalitoka mwaka 1995 na kuonyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takribani asilimia 40. Kule Kisesa, njia ya kwenda Magu, watu walianza kufuatiliwa na watafiti mwaka 1994. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo chake hapa, na ndani ya miradi ya namna hiyo mchukua damu ni mtu mwenye mkataba, mafunzo ya kila mara, na fomu inayoandika jina lake, saa aliyochoma na saa sampuli iliyoingia kwenye boksi la barafu.

Kwa nini huko wanamlipa? Watafiti si wema kuliko hospitali. Ila sampuli ikiharibika kule, anayeumia ni mfadhili na mtafiti mkuu, watu wenye sauti. Mshiriki mmoja aliyefuatwa kwa pikipiki hadi kijijini, kwenye vumbi la Magu, halafu damu yake ikapasuka, ni tundu kwenye takwimu, na tundu lile lina bei. Na kuna kitu zaidi cha huku kwetu: mumiani. Wazee bado wanahadithia watu wanaonyonya damu za wenzao, na mradi unaomchoma mtu mara tatu bila kupata kitu unarudisha hadithi ile kijijini kabla gari halijageuza. Mchukua damu mzuri anaeleza kiasi kwa kijiko cha chai, anaonyesha tyubu, anajibu "mnaipeleka wapi?" bila kukasirika. Hilo haliko kwenye kozi ya wiki sita.

Damu Salama, mpango wa taifa wa kukusanya damu ya wachangiaji, ni mfano mwingine. Anayechangia anatoa mililita 450, mwanamume anaweza kurudi baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Maana yake muuguzi wa kwenye hema la uchangiaji akimuumiza mwanafunzi wa sekondari leo, amepoteza chupa ya miezi mitatu ijayo na za miaka ijayo. Maabara binafsi nazo zimeanza kuelewa, kwa kuwa mteja wa kulipa akichomwa vibaya anavuka barabara tu. Na maabara zinazohangaikia ithibati ya kimataifa, ile ya ISO 15189 inayohusu ubora wa maabara za tiba, zinatakiwa kuandika sampuli zilizokataliwa na sababu zake. Ukishaandika, unaona. Ukishaona, unaanza kuuliza ni nani anachukua damu hapa.

Niseme neno juu ya vijana wa kujitolea, ingawa najua nitaudhi watu. Kujitolea kulianza kama njia ya kushika ujuzi usichuje wakati unasubiri majina ya ajira yatoke. Sasa kumekuwa ajira isiyo na mshahara, na kazi wanayotupiwa kwanza ni sindano, kwa sababu wakubwa wameichoka. Sindano yenye damu ya mwenye homa ya ini aina ya B ikimchoma mtu asiyechanjwa, hatari ya kuambukizwa inaweza kufika 30 katika kila 100. Kwa VVU ni ndogo, kama 3 katika kila 1,000, na dawa za kuzuia zipo mradi aanze ndani ya saa 72. Kijana asiye kwenye orodha ya watumishi anachanjwa na nani zile dozi tatu? Akijichoma saa nane usiku, anaripoti kwa nani, na kama nani? Nimewauliza watatu. Wawili hawakuwa wamechanjwa. Wa tatu alichanjwa kwa hela ya mama yake.

Wako wanaosema dawa ni kuanzisha kada mpya, tuwe na wachukua damu wetu kama Marekani. Sikubaliani, na hapa natofautiana na mpwa wangu. Zahanati ya kisiwani, ya Kome au Ukara, ina watumishi wa kuhesabu kwa vidole. Huwezi kuwapelekea mtu ambaye mama akija na uchungu yeye atasema kwangu ni sindano tu. Kada nyembamba pia ni mtego kwa kijana: akisomea miezi mitatu atalipwa ya miezi mitatu maisha yake yote, na hana ngazi ya kupandia. Halafu kuna sheria. Anayefanya kazi za maabara anapaswa kuwa amesajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya chini ya sheria ya mwaka 2007, na muuguzi ana baraza lake. Cheti cha mtandaoni hakimpitishi mtu kwenye mlango wowote kati ya hiyo. Njia ni ileile ya kidato cha nne chenye masomo ya sayansi kama Kemia na Biolojia, kisha chuo kinachotambuliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, stashahada ya miaka mitatu, leseni.

Ninachokitaka ni kidogo zaidi na nadhani ni kigumu zaidi. Hospitali kubwa iwe na daftari la sampuli zilizokataliwa, liandike wodi, sababu na nani alichukua, na lisomwe kila Jumatatu kwenye kikao cha asubuhi mbele ya mganga mkuu. Aliyekosea aambiwe siku hiyohiyo, si kwa kumfokea, kwa kumwonyesha. Mgonjwa aliyerudishwa kwa kosa la hospitali asianzie tena mwisho wa foleni. Baada ya miezi sita namba hizo zitaongea zenyewe, na nafasi ya mtu mwenye leseni, anayelipwa akae pale asubuhi nzima achukue damu na awafundishe wenzake, haitakuwa ombi la huruma tena. Itakuwa hesabu.

Najua jibu litakalokuja: watu wataficha. Wataandika "haikutosha" badala ya "imepasuka", au watapitisha sampuli mbovu ili daftari libaki safi. Wengine watafanya hivyo, hasa daftari likigeuzwa fimbo. Lakini leo wanaficha bila hata kuhitaji kuficha.

Basi nikampigia mpwa wangu asubuhi. Nikamwambia zile fedha za kozi azitumie mambo mawili: achanjwe homa ya ini, na anunue daftari la kurasa mia. Ana miezi minne ya fildi ambayo hakuwahi kuhesabu alichoma watu wangapi, wazee wangapi, watoto wangapi, mara ya kwanza alipata kwa wangapi. California wanahesabu 50, yeye huenda amepita 500 na hana ushahidi wa hata mmoja. Kisha nikampa swali la kwenda nalo kila mahali anapopeleka barua yake: mwezi uliopita mlikataa sampuli ngapi?

Alizunguka siku mbili. Mahali pa kwanza walicheka. Pa pili mhasibu akadhani katumwa na wakaguzi, akaombwa kitambulisho. Pa tatu hawakumjibu kabisa, wakapokea barua wakaiweka juu ya zile nyingine. Pa nne ni maabara ndogo, ghorofa ya kwanza, chini yake wanauza vipuri vya pikipiki. Mama mwenye maabara alimtazama kwa muda, akafungua droo, akatoa daftari lenye jalada lililochanika. Akalamba kidole, akafungua ukurasa. "Kumi na tisa," akasema. "Kumi na mbili kati ya hizo zimetoka kwa mtu mmoja. Wewe unajua kutafuta mshipa wa mtoto?"

Bado hajaajiriwa. Wamemwambia arudi Alhamisi aje na sare yake, wamwone mkono.